Watu wa Nyuma ya Bibi Harusi

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Umerudi! Huna hata haya. Tangu Ramadhani hujafungua daftari hili, na leo unakaa hapa unachonga penseli kama mtu mwenye kazi. Najisemea mwenyewe — nani mwingine anasoma humu? Shule sikukanyaga. Herufi nilifundishwa na mjukuu wangu Uwera, juu ya meza hii ya mashine ya kushonea, yeye akifanya kazi zake za darasani, mimi tayari nina mvi. Akaniambia: Bibi, andika kila siku usije ukasahau. Kila siku! Wewe unakuja kama mkwe mwenye kinyongo. Lazima kwanza kuwe na ugomvi.

Basi ugomvi upo.

Leo amekuja mtu anaitwa Léonce. Mzee, shati limenyooshwa, viatu vya kanisani na leo ni Jumamosi. Zamani alikuwa na studio ya picha kule Nyabugogo. Akakaa, chai hakugusa, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya flaneli ya mtoto mchanga. Flaneli ya mtoto! Mtu anayefunika kitu namna ile ama amekiiba ama anakipenda, na mimi sitaki lolote kati ya hayo mawili sebuleni kwangu.

Ni jicho la kamera. Yeye anaita objektifu, vijana wanaita lenzi. Uwera — huyu aliyepiga picha za harusi nusu ya mtaa wetu wa Rwezamenyo, asiyetetemeka hata mbele ya mama wakwe wawili waliogombana — amelipokea kwa mikono yote miwili, kama mtu anayepewa maziwa. Gatera ndiye aliyesema kwa niaba ya wote. Huyo Gatera ni rafiki yake wa mambo ya picha, kakulia Uganda, anafanya kazi ofisini, na siku za mapumziko anatembea na kamera kifuani. Mukecuru — bibi kizee, ndivyo anavyoniita — hii iko lejendi! Watu wanaitafuta dunia nzima! Nikamwambia: basi dunia nzima ije kuichukua, mlango uko wazi.

Hataki pesa. Hapo ndipo nilipoweka sindano chini. Gatera alitaka kuinunua yeye, Léonce akatikisa kichwa. Anataka kubadilishana: yeye atoe hii moja, Uwera atoe lenzi zake mbili. Zile mbili! Nyeusi, rangi imebanduka, zimepigwa mvua na vumbi. Lakini unazielekeza tu na zenyewe zinatafuta sura ya mtu, zinashika, tap. Ndizo zilizoezeka nyumba hii. Ndizo zinazotulisha.

Léonce ameiacha tuijaribu. Jumapili ya tarehe kumi na saba anarudi kuchukua jibu.

Mtu mwenye kitu kizuri hivyo anataka vibovu viwili vya nini? Niambie.


Jumatatu, 4 Agosti

Nilikaa na lile jicho peke yangu, Uwera yuko uani anafua. Zito kama pasi. Kioo chake cha mbele kipana kama mdomo wa bilauri, na ukiliinamisha linageuka rangi — zambarau, kijani, zambarau tena — kama kile kitambaa cha mushanana, vazi letu la harusi, ambacho wateja wanagombania dukani, na kikishashonwa kinateleza begani siku nzima, mwenyewe anakipandisha mpaka harusi inakwisha.

Nikalinusa. Halina harufu. Nikalitikisa sikioni. Uwera akaingia — Bibi!! Akaninyang'anya, mikono ina povu bado.

Halafu akasema nikae, anipige. Nikakataa. Akapiga hivyo hivyo, hapa mashineni, taa imezimwa, dirisha tu. Zile nyingine zingetaka mwanga wa kulipuka usoni. Hili linakunywa mwanga uliopo. Lakini halitafuti lenyewe! Lazima azungushe pete kwa kidole, polepole, huku ananiambia Bibi usipumue. Nisipumue? Unanipiga picha au unanizika? Anasema nikipumua tu jicho langu linatoka mahali pake, kwa sababu lenzi inaona sehemu nyembamba kama uzi. Mbele ya uzi ni ukungu. Nyuma ya uzi ni ukungu.

Alipiga nyingi. Kwenye moja sikio langu liko wazi kabisa, mpaka tundu la hereni, uso haupo. Kwenye nyingine pua. Halafu ikaja moja —

Nitasema kweli, kwa kuwa hakuna anayesoma. Nilikuwa mzuri. Jicho moja na mikunjo yake, na sindano mdomoni inang'aa, na nyuma yangu kabati, mapazia, kalenda ya msikiti, vyote vimeyeyuka kama samli. Sikujua nina jicho kama lile. Nikalitazama. Nikalitazama tena. Halafu nikashtuka. Kitu kinachomsifu kikongwe namna hii kinataka nini kwake?

Nikauliza: mapazia yangu yako wapi? Akacheka. Kumbe kuna pete ya pili, ukiifunga linaona vyote. Basi ifunge! Bibi, anasema, nikiifunga inakuwa kama zile zangu mbili. Nani atakuwa na hii halafu aifunge?

Mtoto mwenye akili! Anasikia mwenyewe anachosema?


Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda Nyabugogo kumpeleleza Léonce. Nyumbani niliaga kwamba nafuata vifungo. Na vifungo nilinunua, mimi si mwongo.

Wabeba mizigo wa stendi wamenisukuma, mmoja nikamkanyaga makusudi. Studio nimeiona. Imefungwa, kufuli lina kutu. Jirani yake ni mwanamke anauza sabuni na pipi, jina lake Illuminée, mdomo haufungi, Mungu ambariki. Muzehe Léonce? Mtu wa watu yule! Lakini wateja walimkimbia, mama. Picha za paspoti zinatoka na ukungu. Mtu anazipeleka ofisini, wanamrudisha, anakuja hapa anamtukana mzee wa watu. Basi akafunga.

Ukungu! Nilirudi karibu nikimbie.

Nikamwambia Uwera: objektifu ni bovu, limemfilisi mwenyewe, sasa anatuletea sisi ugonjwa wake ndani ya flaneli. Uwera akaita Gatera. Gatera akalimulika kwa tochi mbele na nyuma, akafumba jicho moja kama daktari. Iko safi, mukecuru. Safi kabisa.

Safi! Hawa wawili walishalipenda kabla ya kulimulika. Ningeleta kioo cha chupa wangesema kiko safi.

Léonce simwamini. Gatera simwamini. Na ile picha yangu, mbona nimeiweka chini ya godoro?


Jumamosi, 9 Agosti

Nimechoka. Miguu imevimba. Leo ilikuwa gusaba, sherehe ya kumwomba binti, ya msichana wa kwa Mzee Habimana, jirani yetu wa zamani, mtoto wa mdogo wake. Nilishona nguo za wasimamizi, wakanipa kiti karibu. Wazee wa upande huu na wa upande ule wanatupiana maneno matamu yenye miiba, mnatuomba binti gani, sisi hatuna binti — na mahari wameshakubaliana tangu mwezi wa tano! Habimana ndiye alikuwa msemaji wa nyumba. Kaja kutoka Karagwe, koti la kuazima, ulimi wake mwenyewe. Watu walicheka mpaka machozi.

Uwera alikuwa amepiga goti mbele ya bibi harusi na lile jicho. Anazungusha. Anazungusha. Mchunga ng'ombe wa mahari akaingia na fimbo kuwasifu, ukumbi wote ukapiga makofi — yeye bado anazungusha. Gatera nyuma yake anamnong'oneza kama shetani, samahani, kama rafiki.

Nimefika nyumbani nimefungua kabati. Zile mbili zimelala humo, hata hakuzibeba!


Jumatatu, 11 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Habimana amekuja asubuhi, chai haijachemka. Simu mkononi. Zaituni, ananiambia, una macho mazuri kuliko mimi, hebu nitafutie mimi niko wapi hapa.

Nikaangalia. Bibi harusi! Wallahi sijaona bibi harusi mzuri kama yule. Kope unazihesabu. Na nyuma yake, safu yote ya wazee — moshi. Vipande vya rangi. Kitu cha kijivu ndilo koti la kuazima.

Habimana akasema: nimepanda basi kutoka Karagwe kuja kuwa moshi? Akacheka kidogo, mimi pia nikacheka, nikadhani tumemaliza. Hakuwa amemaliza. Akaweka kidole pembeni ya picha, kwenye doa jeupe. Huyu ni dada yangu, akasema. Tulimbeba kwenye kiti kumleta. Unajua hali yake. Harusi nyingine hataiona. Akamgeukia Uwera, bila kupaza sauti, afadhali angepaza: bibi harusi ni mzuri, mwanangu, mzuri sana. Sasa sisi tulikuwa wapi?

Uwera alipiga magoti, akaomba radhi. Mzee akamwinua. Hakuna matusi. Akaondoka, kofia yake akaisahau.

Nikamshika Uwera bega nikamgeuza ukutani. Angalia, nikamwambia. Angalia ile!

Ukutani kwetu kuna picha ya harusi ya watu. Wageni wote wanauliza: bibi harusi ni ndugu yenu? Nasema hapana, simjui. Wanadhani nimezeeka. Mwaka wa tisini na nne, mwaka wa mauaji, nyumba ilikwenda, na picha zote, na binti yangu Mugeni, mama yake Uwera. Nilibaki na Uwera mgongoni, hajaota jino. Sura ya Mugeni nikawa nayo kichwani tu, na kichwa nacho kinafuta. Halafu miaka imepita akaja mteja, Mukantwari, ananiletea picha ya zamani. Nishonee mikono kama ya gauni hili. Nikaangalia mikono. Nikapima kwa macho. Na nyuma ya mikono, mlangoni, na chupa ya soda, anacheka — mwanangu.

Mukantwari aliniachia picha, akavaa gauni lake, akahamia Ndera. Bibi harusi alikuwa rafiki wa shangazi yake, alisema. Jina sikuuliza. Siku ile nilikuwa na jina moja tu kichwani.

Basi nikamwambia Uwera: aliyepiga hii angekuwa na jicho lako la samli, mama yako angekuwa wapi? Ungekuwa na mama mwenye rangi gani? Ya kijivu? Zipo nyumba ngapi humu mjini zinazomtafuta mtu wao nyuma ya harusi za wengine — na wewe unakwenda kulipwa kuwafuta watu wa nyuma!

Nilidhani atalia. Hakulia. Akasema: Bibi, mama ni mdogo pale kama punje ya mchele. Tangu nimeanza kutambua vitu naitazama picha ile. Gauni la mtu nisiyemjua nalijua kuliko uso wa mama yangu.

Akatoka. Jicho lake kalibeba.


Jumanne, 12 Agosti

Hatusemezani. Nimempikia mizuzu. Amekula, ameosha sahani. Nilimtilia nyingi makusudi.


Alhamisi, 14 Agosti

Uwera amekwenda kwa mdogo wake Habimana, wanakolala wageni wa Karagwe, na zile mbili mbovu. Nimesikia kwa watu, si kwake. Amempiga picha yule dada kitandani, na wajukuu wote, na majirani, na Habimana na kofia yake aliyorudishiwa. Kila uso unaonekana. Hawakumpa kitu na yeye hakutaka.

Nikasema moyoni, haya, amerudi kwetu. Jumapili nitampa Léonce flaneli yake.

Kwa nini basi jioni nimemwona amesimama mbele ya ukuta, anapima kwa viganja?


Ijumaa, 15 Agosti

Wakristo wana sikukuu leo, mtaa umetulia. Nimerudi kutoka msikitini nikakuta ukuta mtupu. Msumari tu! Nikapiga kelele, majirani wakatoka.

Uwera alikuwa kaishusha picha, kaiondoa kwenye fremu, kailaza mezani karibu na dirisha. Yeye kainama pembeni, shavu karibu linagusa meza, anaitazama kwa ubavu kama mtu anayetazama njia ndefu. Na lile jicho. Anazungusha. Nikataka kumrukia. Akasema: Bibi, usipumue.

Na mimi — sikupumua!

Baadaye wakaenda na Gatera kuichapisha. Ameniletea bahasha, akaenda kukaa barazani, mgongo kanipa.

Nimeifungua.

Bibi harusi ni ukungu. Gauni lile, mikono ile, vyote maziwa yaliyomwagika. Na ndani ya ukungu, mlangoni, amesimama Mugeni peke yake. Mkubwa. Yuko wazi. Ana lile kovu la nyusi alilolipata kwa kuanguka kisimani. Nilikuwa nimelisahau! Chupa kaishika kwa vidole viwili tu, kama alivyokuwa anashika kila kitu, kama vile anataka kukirudisha. Na hamtazami bibi harusi. Anamtazama mpiga picha. Si harusi tena. Ni picha yake, amepigwa yeye, amekuja kwa ajili hiyo.

Nimekaa chini sakafuni na magoti yangu haya. Uwera akaja akakaa. Tukalia kama watu wawili wazima.

Hapo ndipo ilipopaswa kuisha, sivyo? Mzee ameshindwa, mtoto ameshinda, lete chai. Lakini mimi najijua. Machozi hayajakauka nikaanza tena kushuku. Kwanza nikajishuku mwenyewe — wewe Zaituni, Jumatatu ulikuwa unapiga kelele kwa ajili ya watu waliofutwa, leo kafutwa mtu mwingine na wewe unabusu karatasi. Halafu nikauliza kwa sauti: na huyu bibi harusi? Yeye hana watu wanaomtafuta?

Uwera kaniangalia. Akasema: sijui, Bibi. Wewe humjui hata jina.

Picha zote mbili zimerudi ukutani. Ya zamani kwenye msumari wake, mpya kando yake.


Jumapili, 17 Agosti

Amekuja. Yuko sebuleni sasa hivi ninapoandika. Nimewaambia natafuta sukari.

Andika haraka.

Shati jipya, viatu vile vile. Gatera alishafika, kanyoa ndevu kama bwana harusi mwenyewe. Uwera kaweka mezani flaneli na jicho upande huu, zile mbili upande ule. Mimi nilikuwa na maneno yangu tayari. Nimeyanoa tangu Nyabugogo. Bwana Léonce, tumesikia habari za ukungu wako.

Nikamimina chai kwanza, ni mgeni. Nikamsogezea kikombe. Mkono wake ukaenda pembeni. Ukapapasa kitambaa cha meza, ukagusa sahani, ukapanda taratibu mpaka mkono wa kikombe. Yeye anatabasamu, anatazama mahali nilipokuwa nimekaa mwanzo.

Gatera hakuona. Uwera aliona. Mimi niliona.

Si objektifu. Ni macho yake! Hili jicho linataka mtu azungushe pete mpaka aione nywele ya kope, na yeye haoni kope. Anataka zile zinazotafuta zenyewe. Nikamuuliza, bila kunoa: kwa nini hukusema? Akasema: Maman, ukisema, nani atakupa kazi? Bado watu wananiita kwenye ubatizo. Mtoto nikimwelekezea moja ya hizo zenu, yenyewe inamshika. Mimi nabonyeza tu.

Kumbe mwizi wangu ni mtu mwema. Ndiyo imeniharibia kila kitu. Mwizi ningemfukuza.

Uwera akaniangalia. Mbele ya wote akasema: Bibi, nimefikiria mpaka kichwa kinauma. Useme wewe. Ukisema zibaki, zitabaki. Ukisema aende nazo, aende.

Mimi! Tangu lini?

Nikasimama. Nikasema sukari. Sukari iko mezani, wote wanaiona, isipokuwa labda Léonce.

Kutoka hapa kitandani naona ukuta kupitia mlangoni. Mugeni mmoja mdogo kama punje, kati ya watu. Mugeni mwingine mkubwa, hana mtu. Zile mbili ziliikamata sura ya dada wa Habimana kitandani na watu wake wote, na bila hizo Uwera atakwenda harusi gani? Atakula nini? Na bila jicho hili, lile kovu la nyusi ningeliona wapi? Na yule mzee kule anapapasa kikombe. Kila ninakoegemea kuna mtu anageuka moshi.

Uwera anaita. Bibi, chai inapoa! Sauti yake ina kicheko na ina hofu. Gatera anasema labda mukecuru kalala. Silali, wewe mtoto.

Nakwenda. Nitasema. Bado sijui mdomo utasema nini, lakini utasema.

Na wewe utakayefungua tena daftari hili — nakujua, utakaa miezi — sikia vizuri. Usiguse penseli kwanza. Nenda Ndera, mtafute Mukantwari, muulize yule bibi harusi anaitwa nani. Na usirudi hapa bila jina lake.